Mwandishi Asiye na Jina Ndiye wa Kwanza Kupoteza Kazi

Kwa zaidi ya miaka kumi, maelfu ya vijana wa Nairobi, Eldoret, Nakuru na miji mingine ya Kenya waliishi kwa kuandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Walilipwa kwa ukurasa, ukurasa ukihesabiwa kuwa maneno 275, na wengi walikesha ili mteja aliye ng'ambo apate insha yake kabla ya muda wa kuiwasilisha kwisha. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika ikiagizwa, ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, oda zimepungua, bei ya ukurasa imeshuka, na wengi wameiacha kazi hiyo. Katika mijadala inayoendelea Kenya na Tanzania, jambo hili limekuwa likielezwa kwa sentensi moja: mashine imejua kuandika, basi uandishi kama kazi ya kumlisha mtu umefika mwisho. Nadhani maelezo hayo yamekosea, na kosa lake lina madhara, kwa sababu linawafanya vijana wenye kipaji waikimbie kalamu, na linawafanya wanaosimamia elimu na ajira watafute suluhisho mahali pasipo na tatizo.

Kilichoporomoka Kenya ni mfumo mmoja wa kuuza maandishi, ule ambao mwandishi hatajwi, hamiliki alichokiandika, hamjui msomaji wake, na hulipwa kwa idadi ya maneno. Teknolojia inaigusa kazi ya mwandishi kupitia uhusiano wake na msomaji na haki yake juu ya maandishi, zaidi kuliko kupitia uzuri wa sentensi zake. Anayetaka kujua ni nani atabaki katika kazi hii baada ya miaka kumi asiulize nani anaandika vizuri kuliko mashine. Aulize nani anajulikana kwa jina, nani ana mkataba unaomlinda, na nani ana wasomaji watakaomtafuta yeye mwenyewe na si mwingine.

Tuanze na historia fupi ya kazi yenyewe. Uandishi wa insha za kulipiwa ulikua Kenya kwa sababu mambo matatu yalikutana: vyuo vikuu vilivyotoa wahitimu wengi kuliko nafasi za ajira, Kiingereza kizuri cha shule, na intaneti iliyopata nguvu baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009. Serikali nayo ilitia moyo kazi za mtandaoni kwa jumla. Mpango wa Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, uliwafundisha vijana unukuzi, uandishi wa maudhui na huduma nyingine za kufanyia nyumbani, kwa matumaini kwamba dunia ingeendelea kununua maneno kutoka Nairobi. Ndani ya biashara ya insha palizuka soko la pili, la akaunti. Mtu aliyekwisha kujenga akaunti yenye nyota nyingi na maoni mazuri ya wateja aliweza kuiuza au kuikodisha, na anayeanza aliandika chini ya jina la mwenye akaunti huku akigawana naye malipo. Kwa hiyo mwandishi wa kweli alikuwa amefichwa mara mbili: mwanafunzi aliweka jina lake juu ya insha, na mwenye akaunti aliweka jina lake juu ya mwandishi. Kijana aliyeandika kwa miaka mitano kuhusu uuguzi, historia na sheria za biashara hawezi leo kumwonyesha mwajiri hata ukurasa mmoja na kusema, huu ni wangu.

Ni kweli kwamba biashara hiyo ilikuwa tayari imeanza kubanwa na sheria. Australia ilipitisha mwaka 2020 sheria ya kuwaadhibu wanaouza kazi za kitaaluma kwa wanafunzi, na Uingereza ilifuata kwa upande wa England mwezi Aprili 2022, miezi saba tu kabla ya ChatGPT. Kuna wanaosema kwamba kwa sababu ulikuwa udanganyifu, kufa kwake ni heri na hakuna cha kuchambua. Nakubali sehemu ya kwanza bila kusitasita: insha ya kununua humwibia mwanafunzi elimu yake na humpa jamii mhitimu asiyejua kazi yake. Lakini sehemu ya pili siikubali, maana mfumo huohuo wa mwandishi asiyeonekana ndio unaotumika katika kazi halali kabisa. Maelezo ya bidhaa kwenye tovuti za maduka, makala zinazoandikwa ili zionekane juu katika Google, ripoti za mashirika zinazotoka na jina la shirika peke yake, hotuba za wakubwa, vipeperushi vya afya, tafsiri za mikataba: zote huandikwa na watu wasiotajwa, wasiomiliki chochote baada ya kulipwa, na ambao msomaji hajui kuwa wapo. Wote wamesimama mahali palepale aliposimama mwandishi wa insha.

Wapo wanaojibu kwamba mwandishi hodari hana cha kuogopa, na kwamba walioondolewa ni wale wa kiwango cha chini. Jibu hili linapendeza kwa sababu linatuambia kwamba bidii hulipa. Ushahidi hauliungi mkono. Mwaka 2023 watafiti Xiang Hui, Oren Reshef na Luofeng Zhou walichunguza kumbukumbu za soko kubwa la kazi za mtandaoni, Upwork, kabla na baada ya ChatGPT. Waliona kuwa wafanyakazi katika fani zilizoguswa zaidi, uandishi ukiwamo, walipata mikataba michache kwa takriban asilimia 2, na mapato yao ya mwezi yakashuka kwa takriban asilimia 5, katika miezi michache tu ya mwanzo. Jambo lililonishughulisha zaidi ni hili: kuwa na sifa nzuri na rekodi ndefu ya kazi bora hakukumkinga mtu, na dalili zilionyesha kwamba walio juu waliumia hata kuliko wengine. Mantiki yake haifichiki ukiitazama kwa upande wa mnunuzi. Anayenunua maelezo ya bidhaa 300 hatafuti sauti ya mtu; anataka maandishi yanayokubalika, haraka, kwa bei ndogo. Alimlipa hodari zaidi kwa sababu hodari hakumpotezea muda kwa marekebisho. Mashine ilipofika, faida hiyo ya kutopoteza muda ilikuwa ya kwanza kufikiwa. Umahiri ulikuwepo, lakini ulikuwa umeuzwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiutafuta kama umahiri.

Linganisha na kinachotokea Tanzania kwa waandishi wa hadithi za kuendelea. Kwa miaka mingi hadithi hizi ziliishi katika magazeti pendwa ya Dar es Salaam, ambako msomaji alinunua toleo la wiki ili ajue mhusika amepona au amekufa. Magazeti yalipopungua nguvu, waandishi wengi hawakusubiri. Waliweka sehemu za mwanzo kwenye Facebook bure, wakaikata hadithi mahali penye moto, na kumtaka msomaji atume pesa kwa simu, mara nyingi shilingi elfu moja au zaidi kidogo, ili aingizwe kwenye kundi la WhatsApp panapotoka mwendelezo. Mfumo huu haungewezekana bila M-Pesa na huduma nyingine za pesa kwa simu, ambazo zilimwezesha mwandishi wa Mbeya au Tanga kulipwa na msomaji wa Muscat au Goma aliye na ndugu wa kumtumia hela, bila mchapishaji, bila duka la vitabu na bila akaunti ya benki. Wahakiki wa vyuo vikuu wamekuwa wakizidharau hadithi hizi kwa lugha yake ya haraka na visa vya mapenzi na mauaji. Mimi nimezisoma nyingi, na nakiri kwamba uhariri wake mara nyingi ni mbovu. Lakini kwa swali tunalolijadili, waandishi hawa wanajua jambo ambalo mwandishi wa insha wa Nairobi hakupewa nafasi ya kulijua: wasomaji wao wana majina na namba za simu, hulalamika sehemu ikichelewa, hukisia kisa kitaelekea wapi, na hulipa kwa sababu hadithi ni ya mtu fulani. Mashine inaweza kutoa sehemu 40 za hadithi ya mapenzi kwa dakika chache. Haijaweza kuwa na kundi la watu wanaoiuliza jana usiku ililala wapi hadi ikakosa kuandika.

Sidai kwamba maisha ya waandishi hawa ni mepesi. Mapato yao ni madogo na hayatabiriki, na adui yao mkubwa leo ni mwizi wa kawaida kabisa: msomaji mmoja analipa, ananakili sehemu zote, anaziweka katika faili moja na kuziuza au kuzigawa bure katika makundi mengine. Adui huyu atapata silaha mpya, kwa sababu sasa anaweza kuchukua kisa cha mwenzake, kuiagiza mashine ibadilishe majina na mji, kisha akadai ni chake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi tangu anapoandika, bila kumtaka asajili, lakini kulinda haki hiyo dhidi ya mtu aliyejificha nyuma ya namba ya simu ni kazi ambayo wachache wana muda au fedha za kuifanya.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu, na linastahili kupewa nafasi yake. Jina peke yake halilindi. Waandishi wa filamu na tamthilia za Marekani wana majina, wana chama chenye nguvu, kazi zao hutazamwa duniani kote, na bado walilazimika kugoma kwa siku 148, kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, mojawapo ya sababu ikiwa ni hofu ya akili mnemba. Waandishi wa vitabu mashuhuri nao walikuta kazi zao zimekusanywa kutoka katika maktaba za wizi za mtandaoni na kutumika kufunzia mashine. Mtu anaweza kusema: kama hao hawako salama, unamwambia nini kijana wa Morogoro?

Ninamwambia aangalie walichofanya na walichopata. Mkataba uliomaliza mgomo ule uliweka kwamba maandishi yaliyotolewa na mashine hayahesabiwi kuwa kazi ya kifasihi inayoweza kumnyang'anya mwandishi sifa au malipo yake, kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia mashine, na kwamba kampuni ikimpa rasimu ya mashine lazima imwambie. Hawakuishinda teknolojia, waliamua kwa maandishi nani ataitumia, kwa ridhaa ya nani, na fedha zitaenda wapi. Vivyo hivyo katika kesi ya waandishi wa vitabu dhidi ya kampuni ya akili mnemba ya Anthropic: mwezi Juni 2025 Jaji William Alsup aliamua kwamba kufunza mashine kwa vitabu kunaweza kuwa matumizi halali chini ya sheria ya Marekani, lakini kujiwekea maktaba ya nakala za wizi si halali. Miezi michache baadaye kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu kilichohusika. Ni fedha nyingi, na zilitoka kwa sababu kulikuwa na majina, haki zilizoandikwa, na mahakama. Ila sharti mojawapo la kuingia katika malipo hayo lilikuwa kwamba kitabu kiwe kimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Wachapishaji wetu wa Nairobi na Dar es Salaam kwa kawaida hawasajili vitabu vya Kiswahili huko, na hawakuwa na sababu ya kufanya hivyo, kwani mkataba wa kimataifa wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, hauhitaji usajili wowote ili kazi ilindwe. Hivyo mwandishi wetu ambaye kitabu chake kilikuwa katika rundo lilelile huenda asipate hata senti. Kwangu mimi hili ndilo funzo la kesi ile kwa Afrika Mashariki, na halizungumzwi: jina bila hati inayotambulika pale fedha zinapogawanywa ni nusu ya kinga.

Kuna kundi la pili la hoja, la wenye matumaini, ambao husema mashine ni chombo kama vingine na kwamba mwandishi atakayejifunza kuitumia atafanya kazi ya watu watatu. Sehemu kubwa ya hoja hii ni ya kweli. Mwandishi wa habari anayefuatilia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali yenye mamia ya kurasa anaweza kutumia programu kutafuta kila mahali halmashauri fulani ilipotajwa, kisha akaenda mwenyewe kuthibitisha. Mwandishi asiye na uwezo wa kumlipa mhariri anaweza kupata dokezo la makosa ya tahajia. Aliye kijijini anaweza kunukuu mahojiano ya saa mbili bila kukaa siku nzima akisikiliza na kurudisha nyuma. Lakini hoja hii huacha swali la nani anafaidika. Mwandishi mmoja akifanya kazi ya watatu na akabaki kulipwa kwa ukurasa, mnunuzi atashusha bei ya ukurasa hadi theluthi. Ndivyo ilivyowatokea wafasiri. Aliyekuwa akipewa hati na kulipwa kwa kila neno alilolitafsiri, sasa hupewa rasimu iliyotafsiriwa na mashine na kuambiwa aihariri kwa bei ya chini, ingawa kuirekebisha tafsiri iliyopotosha maana wakati mwingine huchukua muda mrefu kuliko kuanza upya. Faida ya chombo imekwenda kwa anayeagiza.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, lakini ambayo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, ni kwamba Kiswahili chenyewe kitatulinda. Wanasema mashine haijui Kiswahili. Inachanganya ngeli, inatafsiri nahau kwa upofu, haina methali isipokuwa zile za kwenye kalenda. Yote hayo yamewahi kuwa kweli na mengine bado ni kweli. Lakini tazama kasi ya mabadiliko. Kampuni ya OpenAI, inayotengeneza ChatGPT, ilipotoa toleo jipya la mashine yake, GPT-4, mwezi Machi 2023, ilichapisha matokeo ya mtihani wa maswali ya kuchagua majibu uliotafsiriwa katika lugha 26. Katika Kiswahili mashine hiyo ilipata asilimia 78.5, wakati toleo lililoitangulia lilikuwa limepata asilimia 70.1 kwa Kiingereza. Kujibu maswali si kuandika, na sitaki kuzidisha maana ya takwimu hizo. Zinatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba pengo tunalolitegemea linazibika kila toleo jipya linapotoka.

Na hata kama pengo lingebaki, kinga hiyo isingefanya kazi, kwa sababu inadhani kwamba anayelipia maandishi ya Kiswahili ndiye anayeyasoma. Mara nyingi sivyo. Shirika la misaada linaloagiza kipeperushi cha kipindupindu, kampuni ya simu inayotuma ujumbe kwa wateja, hospitali ya Marekani inayohitaji fomu kwa ajili ya wakimbizi Wakongo wanaozungumza Kiswahili: katika kila kisa, anayetoa fedha anaweza kuwa mtu asiyeweza kupima kama lugha ni nzuri au mbovu. Kwake yeye, Kiswahili kibaya cha bure na Kiswahili kizuri cha kulipia vinafanana. Atakayeumia ni mama anayejaribu kuelewa maelekezo ya dawa, na mama huyo hana njia ya kumfikishia mnunuzi malalamiko yake. Ubovu wa mashine, basi, haumlindi mwandishi. Unahamisha hasara kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa msomaji. Anayetaka Kiswahili kimlinde mwandishi itabidi atafute namna ya kumfanya mnunuzi awajibike kwa msomaji, kwa mfano kwa kutaka kila waraka wa afya au wa sheria unaotolewa kwa umma uwe na jina la mfasiri aliyeukagua.

Limebaki jambo ambalo linanitia wasiwasi kuliko kupotea kwa kazi zilizopo, nalo ni kupotea kwa mahali pa kujifunzia. Mwandishi wa habari wa Kiswahili kwa kawaida hakuanza na uchunguzi mkubwa. Alianza kwa kutafsiri taarifa za Reuters na AFP kwa ajili ya ukurasa wa kimataifa, akapunguza taarifa za wizara kutoka kurasa tatu hadi aya nne, akaandika vichwa vya habari vikakataliwa, akaandika vingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na ilikuwa shule. Katika kutafsiri habari ya benki kuu ya nchi nyingine, alilazimika kujua riba ni nini kabla hajaiandika. Katika kupunguza taarifa ya wizara, alijifunza kuona kile ambacho wizara haikusema. Mhariri wake alimwonyesha kosa akiwa amesimama kando ya meza. Kazi hizi ndizo mashine inazifanya kwa wepesi zaidi, na chumba cha habari chenye uhaba wa fedha kina kila sababu ya kuikabidhi. Uamuzi huo ukiutazama kwa mwaka mmoja, ni wa busara. Ukiutazama kwa miaka kumi na tano, ni ngazi iliyong'olewa vipandio vya chini huku walio juu wakiendelea kusimama. Wahariri wa leo walipita hapo. Wahariri watakaohitajika mwaka 2040 kukagua kazi ya mashine, kujua ni wapi imesema uongo kwa lugha iliyonyooka, watakuwa wamejifunza wapi? Hakuna kampuni moja ya habari inayoweza kulibeba swali hili peke yake, kwa sababu ikigharimia mafunzo, mshindani atamchukua aliyefunzwa. Ni jambo la vyuo vya uandishi wa habari, mabaraza ya habari na serikali kukaa pamoja, na bado sijaona mpango unaolitaja waziwazi. Mkakati wa Taifa wa Akili Mnemba wa Kenya, uliozinduliwa mwezi Machi 2025, unazungumza sana juu ya ujuzi wa kutumia teknolojia hii. Ujuzi wa kuikosoa lugha yake hauwezi kupatikana kwa semina ya siku tatu.

Shule na mashindano ya uandishi yamejaribu njia nyingine, ya kumnasa anayetumia mashine kwa kutumia mashine. Njia hii ni ya hatari kwetu hasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu saba zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba zilizitaja kimakosa kuwa za mashine, kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. OpenAI yenyewe iliifunga programu yake ya namna hiyo mwezi Julai mwaka huohuo kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kijana wa Kisumu anayeandika Kiingereza safi cha shule, chenye msamiati uliopangwa, ndiye hasa anayeshukiwa. Kwa Kiswahili hali haiwezi kuwa bora, maana programu hizo zimejengwa hasa kwa Kiingereza. Mashindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yanaweza kutumia njia iliyo bora na ya zamani: kuzungumza na mwandishi aliyefika hatua ya mwisho, kumwomba rasimu zake za awali, kumuuliza kwa nini sura ya nne ilikuja kabla ya ya tano. Aliyeandika atajibu kwa saa nzima. Hii inahitaji muda na majaji wanaolipwa, lakini haimhukumu mtu kwa sababu ya kuandika kwa unadhifu.

Kwa kijana anayeanza leo, maana ya haya yote ni ya vitendo. Akubali kazi isiyo na jina pale njaa inapomlazimu, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu, lakini kila mwezi achapishe kitu chenye jina lake mahali ambapo wasomaji wanaweza kumjibu, hata kama hakimlipi. Achague eneo la kulijua kwa kwenda, kama vile bandari, kilimo cha mwani, mahakama za mwanzo, mpira wa madaraja ya chini, ambako habari haipo mtandaoni hadi mtu aende kuitafuta. Ajiunge na wenzake. Umoja wa waandishi wa riwaya kama UWARIDI wa Tanzania unaweza kuwa mdogo, lakini mwandishi mmoja akikataa kifungu cha mkataba anatafutwa mwingine, na waandishi 50 wakikikataa, kifungu kinaandikwa upya. Vyama vinavyokusanya ada za kunakili vitabu, kama KOPIKEN ya Kenya, viliundwa kwa ajili ya mashine za fotokopi. Ndivyo vilivyo karibu zaidi na uwezo wa kudai ada ya matumizi mapya kwa niaba ya waandishi wasioweza kwenda mahakamani Marekani, ilimradi wanachama wavitake hivyo na sheria ivipe nguvu hiyo kwa maneno.

Na kuna mkataba wenyewe, ambao wengi wetu huusaini bila kuusoma hadi mwisho kwa furaha ya kukubaliwa. Mikataba mingi ya uchapishaji ina kifungu kinachompa mchapishaji haki ya kuitumia kazi kwa njia yoyote iliyopo sasa au itakayobuniwa baadaye. Kilipoanza kutumika, kifungu hicho kilikusudia kanda, filamu na vitabu vya kielektroniki. Leo mchapishaji anaweza kukisoma kuwa kinamruhusu kuuza kazi hiyo kwa kampuni ya akili mnemba bila kumuuliza aliyeiandika, na kwa sheria za Kenya na Tanzania hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo saini moja huwafunga hata wajukuu. Mwandishi aombe kifungu hicho kifutwe na mahali pake paandikwe kwamba matumizi ya kazi kufunzia mashine yanahitaji ridhaa yake ya maandishi, tofauti na ridhaa ya kuchapisha kitabu, na kwamba fedha zitakazopatikana kwa njia hiyo zigawanywe kwa kiwango kilichotajwa humohumo, kabla ya kusaini.